Kabla ya Kwenda Jimbo Jingine, Tusafishe Daftari

(Maelezo ya mratibu wa miradi kwenye mkutano wa kamati za afya za sharika na marafiki wa dayosisi)



Tumepewa nafasi hii tueleze jambo ambalo limezua maneno mengi tangu kikao kilichopita. Katika makisio ya mfuko wetu wa afya tuliweka fungu la kuboresha mfumo wa kompyuta, na fungu hilo ni kubwa kuliko lile la kufungua uandikishaji katika jimbo jipya. Mzee mmoja wa kamati alisimama akauliza, "Ninyi watu wa ofisi, wagonjwa wetu watameza kompyuta?" Ukumbi ulicheka, na sisi tulicheka. Lakini swali lile ni la haki na halijibiwi kwa kicheko, kwa hiyo leo tumekuja na jibu.

Tuanze na kisa ambacho wengi wenu mnakijua, ingawa hatujawahi kukisema mbele ya wageni. Mama mmoja wa jumuiya ya bondeni alilipa mchango wa kaya yake baada ya kuuza alizeti. Alimlipa mtunza hazina wa mtaa, akapewa stakabadhi, akaiweka ndani ya Biblia yake. Mtunza hazina aliandika kwenye daftari. Daftari lilisubiri mwisho wa mwezi, kisha likasubiri gari, kisha likakaa ofisini kwetu likisubiri mtu wa kuingiza majina kwenye kompyuta. Orodha tuliyokuwa tumeipeleka hospitali ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Usiku mtoto wake alipopandwa na homa, mama alimbeba hadi hospitali. Karani wa mapokezi aliangalia orodha, hakuona jina. Stakabadhi ilikuwa imeachwa nyumbani, kwenye Zaburi. Aliambiwa atoe fedha taslimu au arudi na uthibitisho.

Alirudi alfajiri na fedha ya kukopa, na mtoto akiwa ameanza degedege. Tunamshukuru Mungu kwamba mtoto alipona. Lakini mwaka uliofuata mama yule hakuhuisha kadi yake, na majirani zake pale bondeni nao hawakuhuisha. Mwinjilisti alipowauliza, jibu lilikuwa fupi: "Tulilipa, tukahesabiwa kama hatukulipa."

Ndugu wajumbe, karani hakukosea. Alifuata orodha aliyopewa. Mtunza hazina hakuiba hata senti. Kosa lilikuwa letu sisi ofisini, kwa sababu tuliwaahidi watu ulinzi ambao daftari zetu haziwezi kuutoa kwa wakati. Sasa mnatutaka tuupeleke mfuko huu katika jimbo lingine, lenye vituo vingi zaidi na barabara mbaya zaidi. Tukienda na daftari hizi hizi, tutakwenda kuzalisha akina mama wengine kama huyu.

Kuna neno ambalo wataalamu wa bima hulitumia: mfumo mama. Msiogope jina. Mfuko wowote wa bima, uwe wa kijiji au wa taifa zima, unaishi kwa kujibu maswali machache. Huyu ni nani? Amelipa? Ulinzi wake unaanza tarehe gani na kuisha tarehe gani? Anastahili huduma zipi, na katika vituo vipi? Kituo kilichomtibu kinatudai kiasi gani, na je, dai hilo ni la kweli? Mahali majibu yote hayo yanapokaa pamoja ndipo penye mfumo mama. Kwetu, swali la kwanza linajibiwa na daftari la usharika, la pili na kitabu cha stakabadhi, la tatu na jedwali lililomo katika kompyuta moja ya ofisini, na la mwisho na mafaili ya hospitali. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuyaona yote kwa pamoja. Tulipokuwa na sharika chache tuliweza kupigiana simu. Watu wakiongezeka, simu hazitoshi.

Pengine wapo wanaodhani jambo hili ni la makampuni makubwa ya mjini au la Ulaya. Sivyo. Moja ya mifumo inayojulikana sana duniani kwa bima za watu wa kipato cha chini ilizaliwa hapa hapa Tanzania, tena Dodoma, na tunaona ni vyema tukaa kidogo hapo.

Mnaukumbuka Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF. Ulianza kwa majaribio wilayani Igunga katikati ya miaka ya 1990, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Kaya ilichangia mara moja kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kinacholingana na michango ya wanachama. Huo ndio uliokuwa mpango wa "tele kwa tele". Wazo lilikuwa zuri. Ila kadi ilikuwa ya karatasi, na kwa kawaida ilikufaa katika kituo kile ulichojiandikisha. Ukienda kumsalimia binti yako wilaya ya pili ukaugua huko, ulikuwa kama mtu asiye na kadi. Na halmashauri iliyotaka fedha ya tele kwa tele ilipaswa kuonyesha idadi ya wanachama, jambo ambalo si jepesi wakati majina yametawanyika katika vitabu vya zahanati kadhaa.

Mwaka 2012, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Uswisi na wataalamu wa taasisi ya afya ya Basel, mkoa wa Dodoma ulianza kutumia mfumo wa kompyuta uliotengenezwa kwa ajili ya CHF, ulioitwa IMIS. Mwandikishaji alikwenda kijijini na simu. Alimpiga mwanachama picha, akaisoma namba ya kadi kwa simu hiyo hiyo, na taarifa zikatumwa kwenye kanzidata moja. Pasipo na mtandao, kazi ilifanyika na taarifa zikatumwa baadaye. Mgonjwa alipofika kituoni, mhudumu alisoma namba ya kadi akaona sura ya mtu na kama ulinzi wake ungali hai. Hapo ndipo ikawezekana kadi ivuke mipaka ya kituo kimoja. Kilichokuwa kimewafunga watu ni daftari, na utaratibu ulipokuja kuboreshwa ulikuta njia imeshatengenezwa. CHF Iliyoboreshwa ilipoenezwa nchini kuanzia mwaka 2018, kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 katika mikoa mingi, mwanachama aliweza kupewa rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa.

Sasa sikieni sehemu inayotuhusu zaidi. Mfumo ule wa Dodoma ulianza kutakiwa na wengine. Kule Kameruni kuna mfuko wa kusaidiana wa Kanisa Katoliki, uitwao BEPHA, katika majimbo ya kanisa yaliyo upande wa Bamenda. Waliuchukua. Nepal walipoanza bima yao ya afya mwaka 2016 katika wilaya ya Kailali, kisha Baglung na Ilam, waliuchukua pia. Lakini Nepal hawakuwa na kaya ya watu 6. Wao walihesabu familia ya watu 5 kwa rupia 2,500 kwa mwaka, na kila mtu wa ziada akaongezewa rupia 425, na matibabu yakawa na kikomo cha rupia 50,000. Baadaye viwango hivyo vikabadilishwa. Kila nchi ikawa na utaratibu wake, na kila mara mafundi walilazimika kuingia ndani ya mfumo kukata hapa na kushona pale. Matokeo yake yakawa kama vazi la kwaya lililorekebishwa kwa waimbaji watatu tofauti: halimkai sawasawa hata mmoja, na kila mwenye nalo anadhani lake ndilo la asili.

Kuanzia mwaka 2016 Uswisi na Ujerumani waliunganisha nguvu kuufanya mfumo huo kuwa programu huria iitwayo openIMIS, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha bila kununua leseni. Matoleo ya nchi mbalimbali yakarudishwa pamoja. Kisha ikaja kazi ngumu zaidi. Toleo la kwanza lilijengwa kwa zana za Microsoft, likiwa kitu kimoja kizima. Walianza kulivunja kuwa vipande vinavyojitegemea: kipande cha wanachama, cha michango, cha madai, cha kuzungumza na mifumo ya hospitali. Ukitaka kubadilisha kanuni ya mchango huhitaji kugusa madai. Ukitaka kuingia nchi mpya, unaongeza kipande bila kubomoa nyumba.

Hatusemi kwamba ni lazima dayosisi yetu itumie openIMIS. Tunalipima hilo na mengine. Tunachosema ni kwamba wenzetu waliotangulia walifika mahali wakaona hawawezi kwenda kwa watu wapya mpaka warudi nyuma kujenga upya msingi, wakakubali kutumia fedha na miaka kwa kazi isiyoonekana kwa macho. Tunajua, na marafiki zetu wafadhili watatusamehe tukisema wazi, kwamba programu ya kompyuta haina jiwe la msingi la kuzinduliwa wala ukuta wa kubandika kibao cha usharika rafiki. Wodi ya wazazi hupigwa picha nzuri zaidi.

Tena sisi wenyewe tumekwisha kuonja gharama ya njia ya mkato. Miaka kadhaa iliyopita tulimpata kijana mtaalamu akatutengenezea programu ndogo kwa bei ya kirafiki. Ilifanya kazi vizuri sana. Kisha kijana akapata ajira mjini, jambo jema kwake, akaondoka. Nywila ilikuwa kichwani mwake na msimbo ulikuwa kwenye kompyuta yake. Siku programu ilipogoma, tulirudi kwenye daftari, na mwaka mzima wa taarifa ulibaki ndani ya boksi tusiloweza kulifungua. Kwa sababu hiyo, katika andiko la mradi mtaona tumetaka programu huria, mafundi wasiopungua wawili waliofundishwa, na nakala ya taarifa inayohifadhiwa mahali pengine nje ya ofisi. Msitupunguzie hapo.

Neno "soko jipya" limo katika andiko lile kwa Kiingereza cha wafadhili, na baadhi ya wachungaji wamelilalamikia. Tunawaelewa. Lakini tukiliweka kando neno, watu wenyewe wapo na wana majina. Ni vijana wa bodaboda ambao hawana kaya bado na hawawezi kulipia watu 6. Ni wafugaji wanaohama na ng'ombe miezi ya kiangazi, ambao kadi ya kituo kimoja kwao ni sawa na ufunguo wa nyumba waliyoihama. Ni wachimbaji wadogo wanaopata fedha leo na kukosa miezi mitatu. Ni wakulima wa kule ng'ambo ya mlima ambao mavuno yao ni tofauti na yetu, kwa hiyo msimu wao wa kulipa ni tofauti. Mfuko wetu wa sasa unajua aina moja tu ya mwanachama: kaya, inayolipa mara moja, mwezi wa saba, na kutibiwa hospitali ya dayosisi. Kuwapokea hawa wengine kunataka mfumo unaokubali malipo kidogo kidogo, tarehe tofauti za kuanza, mtu mmoja mmoja, na vituo visivyo vyetu, vya serikali na vya madhehebu mengine.

Jirani zetu wa Kisiizi, kusini magharibi mwa Uganda, walilielewa jambo hili mapema bila kompyuta. Hospitali yao ya Kanisa Anglikana ilianzisha bima mwaka 1996 kwa kupitia vikundi vya engozi, yaani vyama vya kijiji vilivyoundwa kwa kazi ya kubeba wagonjwa kwa machela milimani. Hawakuwaendea watu wakiwa peke yao. Waliwafuata katika umoja waliokuwa nao tayari. Na Ghana, yenye bima ya taifa tangu mwaka 2003, waliruhusu mwanachama ahuishe kadi yake kwa simu ya mkononi kuanzia Desemba 2018, badala ya kupanga foleni ofisini. Simu ya kawaida tu, isiyo ya kisasa. Tukizichukua hekima hizi mbili, basi sharika, vikoba na vyama vya bodaboda ndiyo milango yetu, na malipo kwa simu ndiyo barabara. Malipo yakiingia kwa simu yanaandikwa dakika ile ile. Stakabadhi haihitaji kulala kwenye Zaburi.

Tunafika kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo tunapowahitaji ninyi wa sharika kuliko wafadhili. Programu inaweza kusimikwa kwa wiki chache. Kinachochukua miezi ni kusafisha taarifa kabla ya kuzihamisha. Tulijaribu kwa usharika mmoja, na tuliyoyaona yanafundisha. Mtu mmoja anaonekana mara tatu: kwa jina la ubatizo, kwa jina la nyumbani, na kwa "Mama" wa mtoto wake wa kwanza. Mzee ameandikwa alizaliwa "wakati wa njaa", na kijana wetu wa kompyuta anauliza njaa ipi. Wapo marehemu ambao bado ni wanachama hai, na wapo watoto waliozaliwa baada ya kadi kutolewa ambao hawamo popote. Mume mwenye nyumba mbili amezisajili zote kama kaya moja, na kila mke anadhani mwenzake hayumo. Mashine haiwezi kuamua mambo hayo. Anayeweza ni mwinjilisti na mzee wa jumuiya wanaojua nani ni nani, wakikaa chini ya mwembe na orodha mkononi.

Na wakati wa kufanya hivyo, tukumbuke kwamba hizi ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi watu wa kanisa. Orodha ya wagonjwa haitabandikwa tena kwenye ubao wa matangazo ya usharika, kama ilivyowahi kutokea kwa nia njema kabisa ya kuwaombea. Mtu ataombwa ridhaa yake kabla ya kupigwa picha, na atakayekataa tutatafuta njia nyingine ya kumtambua.

Mjumbe mmoja ameuliza: Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kwa nini tuendelee kuhangaika na mfuko mdogo? Swali zuri. Hatujengi ufalme. Inawezekana kesho mfuko wetu ukawa mkono wa kuandikisha watu katika bima ya taifa, au ukabaki kuwasaidia wasioweza kulipa mchango, au ukachangia nauli na chakula cha mgonjwa, mambo ambayo bima haiyagusi. Katika kila njia kati ya hizo, atakayekuwa na orodha safi, yenye sura, namba na tarehe, atawavusha watu wake salama. Atakayekuwa na daftari zetu za leo atawaambia waanze upya kupanga foleni. Kwa maoni yetu sheria ile inatupa sababu ya kuharakisha.

Tumrudie mzee wa kompyuta ya kumezwa, maana hatutaki aondoke bila haki yake. Ana hoja. Dodoma na kwingineko, malalamiko makubwa ya wanachama yalikuwa kufika kituoni na kuambiwa dawa hakuna, nenda kanunue dukani. Hakuna mfumo wa kompyuta uliowahi kujaza rafu ya dawa. Mwanachama atakayetambuliwa kwa sekunde 5 kisha akakosa dawa ataondoka kama yule mama wa bondeni alivyoondoka. Ndiyo maana, baada ya kulijadili swali lake, tumebadilisha makisio: kipande cha madai kitaanza pamoja na kile cha wanachama, hakitasubiri awamu ya pili kama tulivyopanga awali. Kwa nini? Hospitali yetu leo husubiri malipo ya mfuko kwa miezi kwa sababu fomu za madai zinahakikiwa kwa mkono, na hospitali isiyolipwa hainunui dawa. Madai yakihakikiwa ndani ya wiki chache, fedha itafika wakati duka la dawa bado linaweza kuagiza. Mzee hakukubali yote, lakini alisema, "Hapo sasa mnaongea." Tumemwomba awe katika kamati ndogo ya usimamizi na amekubali.

Kwa marafiki zetu wafadhili, ombi letu ni moja, na si la fedha zaidi. Mmezoea kutuuliza mwisho wa mwaka: mmeandikisha kaya ngapi mpya? Kwa mwaka wa kwanza wa kazi hii idadi hiyo haitapanda, na huenda ikashuka, kwa kuwa tutawaondoa marehemu na waliorudiwa. Tafadhali msisome taarifa hiyo kama kushindwa. Tuulizeni badala yake: kati ya waliolipa mwezi huu, wangapi walionekana kwenye orodha ya hospitali siku ya pili yake? Wangapi walihuisha? Hospitali ilisubiri siku ngapi kulipwa? Hayo tutayajibu kila robo mwaka katika jarida hili, yakiwa mazuri au mabaya.

Jimbo jipya halitafunguliwa mpaka sharika za zamani zote zimemaliza uhakiki na hospitali imeweza kutumia mfumo kwa msimu mmoja wa mavuno. Mkuu wa Jimbo husika ameelezwa, na ingawa hakufurahi, ameridhia kusubiri. Bondeni tutaanza nako. Tulikwenda mwezi uliopita, mchungaji na sisi, tukakaa na yule mama nyumbani kwake, tukamwambia kosa lilikuwa la ofisi. Alitupa uji. Hakusema atarudi wala hatarudi. Alisema ataangalia kwanza jirani yake akitibiwa.

Fomu za uhakiki ziko mezani kwa katibu, zimepangwa kwa majina ya sharika. Kila mtunza hazina achukue bahasha yake kabla ya chakula cha mchana, na wale waliokuja na daftari za miaka iliyopita waziache hapo, watiwe saini ya kupokelewa, na warudishiwe baada ya kunakiliwa.